Mlango wa Shule ya Wasichana: Nani Aingie?

Somo la juma: Mathayo 19:3-12; Isaya 56:3-5



Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelipata kwa simu, limetumwa kutoka kundi hadi kundi, likiwa na kichwa cha kutisha juu yake na aya ya Biblia chini yake. Ati shule za wasichana huko ng'ambo zimeamriwa zichukue wavulana. Mzazi akisoma, anashika kichwa. Mwingine anacheka, anasema hayo ni ya wazungu, sisi tuna shida zetu za karo na mitihani. Kabla ya kushika kichwa na kabla ya kucheka, hebu tuulize ni nini hasa kilitokea. Mkristo hana ruhusa ya kushuhudia uongo, hata kama uongo huo unamfurahisha.

Kilichotokea ng'ambo

Uingereza kuna shirika linaloitwa Girls' Day School Trust. Lilianzishwa mwaka wa 1872, wakati ambapo msichana wa huko alifundishwa kushona na kucheza piano huku kaka yake akifundishwa hesabu na sayansi. Mwongozo wake ulipozungumziwa sana mwanzoni mwa 2022, shirika lilikuwa na shule 25 na wanafunzi karibu 19,000. Mwongozo ulisema hivi: shule hizo hazitampokea mwanafunzi ambaye kisheria ni wa kiume, hata akisema kwamba moyoni anajitambua kuwa msichana. Sababu waliyotoa ilikuwa ya kisheria. Sheria ya Usawa ya 2010 inaruhusu shule kukataa wavulana kwa sababu ni shule ya jinsia moja. Ukianza kupokea watoto kwa jinsia wanayojitambua nayo, ruhusa hiyo inaweza kuanguka.

Kwa hivyo ule ujumbe wa simu ulikuwa umegeuza mambo. Hawakuamriwa wakubali. Wao wenyewe walisema hapana.

Lakini kuna sehemu ya pili, ambayo hata wale wanaofurahia hiyo hapana huwa hawaitumi. Mwongozo ule ule ulisema kwamba msichana ambaye tayari yuko shuleni, kisha aanze kusema yeye ni mvulana, asifukuzwe. Asaidiwe kubaki kwa muda anaotaka. Mlango una sheria, lakini mtoto aliye ndani hatupwi nje.

Marekani mambo yalienda vingine. Huko kuna vyuo vikuu vya wanawake, vikongwe na vyenye heshima. Mount Holyoke, kilichoanzishwa 1837, kilitangaza mwaka wa 2014 kwamba kitapokea karibu kila mtu isipokuwa aliyezaliwa mwanamume na anayeishi kama mwanamume. Wellesley kilisema mwaka wa 2015 kitapokea mtu yeyote anayeishi kama mwanamke na anayejitambua hivyo siku zote. Mwaka wa 2023 wanafunzi wake walipiga kura wakitaka mlango upanuliwe zaidi, na wasimamizi wakakataa.

Angalieni jambo hili, wapendwa. Wote hao wanaanza na sentensi moja: sisi ni wa wasichana na wanawake. Lakini kila mmoja anachora mstari mahali pake. Mbona? Kwa sababu hawakubaliani juu ya swali lililo chini ya hilo swali: shule ya wasichana iko kwa nini?

Shule ya wasichana iko kwa nini?

Tusipojibu hili, tutapiga kelele tu. Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni ulinzi wa mwili. Mtoto wa miaka 14 analala, anaoga, anabadilisha nguo, anaanza hedhi mbali na mama yake. Mzazi amempeleka na sanduku lake na godoro lake, akamwachia matroni. Hakuuliza atalala karibu na nani. Aliamini tu kwamba watu wazima wameshafikiria jambo hilo.

Ya pili ni haki iliyocheleweshwa. Hapa kwetu, shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa pale Kikuyu mwaka wa 1926. Ile ya wasichana ilifunguliwa 1948. Hesabu mwenyewe: miaka 22. Kijana wa kwanza kuingia ile shule ya wavulana angeweza kumaliza masomo, aoe na azae binti, na huyo binti akue, kabla mlango wake haujafunguliwa. Shule ya wasichana ipo kwa sababu msichana aliachwa nyuma.

Ya tatu ni malezi. Katika shule ya wasichana, anayeongoza chama cha mdahalo ni msichana. Anayeshika bansen bana katika maabara ni msichana. Hakuna wa kumsukuma pembeni.

Sasa ona jinsi kila sababu inavyovuta mstari upande wake. Ukisema sababu kubwa ni ya pili, yaani kudharauliwa kwa mwanamke, basi watu wa Mount Holyoke wana hoja. Wanasema anayeishi kama mwanamke anadharauliwa kama mwanamke, kwa hivyo naye anahitaji kimbilio. Hiyo si hoja ya kipumbavu. Mtu anaweza kuikataa, lakini asiicheke.

Lakini ukisema sababu ya kwanza ndiyo inayotangulia, mstari unafuata mwili. Na mimi nasema kwa shule za bweni za watoto, ya kwanza ndiyo inayotangulia. Chuo kikuu kina watu wazima, wengi wana funguo za vyumba vyao, na asiyeridhika anaweza kuhamia kwingine. Bweni letu lina vitanda vya ghorofa vimepangwa mistari miwili, na bafu nyingi hazina milango. Msichana wa miaka 14 hawezi kuhama. Wala hawezi kumwambia mwalimu mkuu, "Mimi sijisikii vizuri hapa," na asikilizwe. Aliye mnyonge zaidi katika chumba ndiye tunayepaswa kumfikiria kwanza tunapoandika sheria ya chumba hicho.

Tena sheria ya mlango lazima iwe kitu ambacho karani wa shule anaweza kukiangalia bila kumhoji mtoto juu ya moyo wake. Ukimpa karani kazi ya kupima nani anajitambua kweli na nani anadanganya, umempa kazi ya Mungu. Cheti cha kuzaliwa anaweza kukisoma.

Kwa hivyo nikiulizwa: je, shule ya bweni ya wasichana iwapokee watoto kwa jinsia iliyosajiliwa? Nasema ndiyo. Na sisemi hivyo kwa kumchukia mtu.

Ingekuwa hadithi inaishia hapo, tungesema amina na kwenda nyumbani. Haiishii hapo.

Mtoto ambaye karatasi haikumjua

Mwaka wa 2009 alizaliwa mtoto katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Wahudumu walipofika kwenye sehemu ya fomu inayouliza jinsia, hawakuandika wa kiume wala wa kike. Waliweka alama ya kuuliza. Mtoto huyo hakupata cheti cha kuzaliwa, mamake akaenda kortini. Kesi hiyo inajulikana kama ya Mtoto A. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu alimwagiza Mwanasheria Mkuu aseme ni ofisi gani ya serikali inayowahesabu na kuwashughulikia watoto kama huyu.

Kwa Kiswahili tunamwita huntha: mtoto aliyezaliwa na maumbile ambayo hayako wazi kuwa ya kike wala ya kiume, au yaliyo na alama za pande zote mbili. Katika sensa ya 2019 Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza. Walipatikana watu 1,524. Hao ni wale tu waliokubali kusema mbele ya karani wa sensa, mara nyingi familia nzima ikisikiliza. Wako waliofichwa.

Hebu chukulia mtoto mmoja wa namna hiyo. Alipozaliwa, mkunga aliangalia haraka, akasema ni msichana. Cheti kikaandikwa msichana. Akasoma, akafaulu, komputa ya wizara ikamtuma shule ya wasichana. Akiwa na miaka 15 sauti inaanza kuwa nzito. Kifua hakikui. Ndevu zinachungulia. Hedhi haiji. Wenzake wanaanza kunong'ona kule bafuni. Siku moja matroni anamwita, anafunga mlango, anamwambia avue nguo.

Huyu mtoto amemdanganya nani? Hajamdanganya mtu. Alifuata sheria ile ile niliyoitetea hapa juu, mpaka mwisho. Stakabadhi zake ziko sawa. Kilichokosea ni karatasi yetu, ambayo ina vijisanduku viwili na haikuuliza zaidi.

Hapa ndipo wale tunaopenda mistari iliyonyooka tunapaswa kunyamaza kidogo. Tulisema mstari ufuate mwili. Sawa. Na mwili wenyewe usipofuata mstari je?

Maandiko yanatuweka wapi?

Wengi wetu tunajua Mathayo 19 kama sura ya ndoa. Mafarisayo wanamuuliza Yesu habari za talaka, naye anawarudisha mwanzo, kwamba Muumba aliwafanya mume na mke. Hapo tunapiga makofi na kufunga Biblia. Lakini usiifunge. Mistari michache mbele, katika mazungumzo yale yale, Yesu huyo huyo anawataja matowashi, na wa kwanza anaowataja ni wale waliozaliwa hivyo kutoka tumboni mwa mama zao. Hakusema ni laana. Hakuuliza nani alifanya dhambi. Alijua wapo, akawataja, akaendelea.

Kwa hivyo mambo mawili yako katika mdomo mmoja: kuna mume na mke tangu mwanzo, na kuna waliozaliwa vingine. Anayeshika la kwanza na kutupa la pili anasoma nusu ya sura. Anayeshika la pili ili afute la kwanza naye anasoma nusu.

Tuwe waangalifu pia. Towashi wa Biblia na huntha wa leo si kitu kimoja kwa kila namna. Towashi wengi walifanywa hivyo na watu. Lakini swali la mlango linafanana sana. Torati katika Kumbukumbu 23 ilimzuia mtu wa namna hiyo asiingie katika kusanyiko. Kisha Isaya 56 inakuja, na Bwana anamuahidi towashi mwaminifu mahali ndani ya nyumba yake, na jina lililo bora kuliko kuwa na wana na mabinti. Na katika Matendo 8, Filipo anatumwa barabara ya jangwani kwa ajili ya towashi mmoja tu kutoka Ethiopia. Hakumwambia ashuke kwanza aeleze mwili wake. Alipanda garini, akaketi naye.

Tusichanganye watoto wawili

Kuna kosa ambalo watu wa pande zote hulifanya. Wanamweka huntha na yule anayesema "mwili wangu ni wa kiume lakini mimi ni msichana" katika kapu moja. Wa upande mmoja wanasema: kwa kuwa huntha yupo, basi jinsia haina maana yoyote, kila mtu ajiandike apendavyo. Wa upande mwingine wanasema: wote ni tabia za kisasa, wakemewe. Wote wamekimbia mbele ya ukweli.

Huntha ana swali la mwili, na daktari anaweza kulieleza. Yule mwingine ana swali la jinsi anavyojijua, na mwili wake uko wazi. Kwa huyu wa pili, katika shule ya bweni, nimeshasema: mlango ufuate usajili. Hata Mahakama ya Juu ya Uingereza, tarehe 16 Aprili 2025, ilisema kwamba mwanamke katika ile Sheria ya Usawa ya 2010 ni mwanamke wa kimaumbile. Lakini mahakama hiyo hiyo ikakumbusha kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria wasibaguliwe na wasinyanyaswe. Tena zile sehemu mbili.

Sasa kanisa, mnisikilize. Kusema kwamba mtoto huyu hatalala katika bweni lile ni jambo moja. Kumchapa, kumtangaza gwaride la asubuhi, kumpiga picha, kumwekea mikono mbele ya shule nzima huku wenzake wakicheka na kusema pepo toka, hayo ni mambo mengine kabisa. Sheria ya kitanda haikutupa ruhusa hiyo. Mtoto unayemkatalia jambo bado ni mtoto wako wa kulinda, na labda siku hiyo unayemkatalia ndiyo siku anakuhitaji zaidi.

"Lakini pasta, ukiweka nafasi kidogo, wahuni watapita"

Hili swali ni la haki, na anayeuliza mara nyingi ni mzazi mwenye binti. Nalijibu kwa mawili.

Kwanza, kumhifadhi huntha aliye ndani si kufungua mlango kwa yeyote. Ni mtoto mmoja, mwenye cheti, mwenye mzazi, mwenye barua ya daktari. Mhuni hana hivyo.

Pili, tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema. Mwaka wa 2010 Tume ya Huduma ya Walimu ililazimika kutoa waraka maalum, Waraka Nambari 3, wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi kutoka kwa walimu. Haukuandikwa kwa sababu ya wavulana waliojifanya wasichana. Uliandikwa kwa sababu ya watu wazima waliokuwa na funguo. Kama tunaogopa kwa ajili ya mabinti wetu, na tunapaswa kuogopa, basi tuangalie hatari pale ilipo kweli, tusimtwike mtoto mmoja wa ajabu hofu zetu zote.

Na wale wasichana wengine bwenini? Wana haki yao pia. Hawapaswi kuambiwa wanyamaze, wao ni wengi, watavumilia. Dawa hapa mara nyingi ni ya fundi seremala. Weka milango bafuni. Weka pazia. Tenga chumba kimoja kidogo karibu na matroni. Msichana aliyeungua moto, aliye mgonjwa, mwenye haya, wote watashukuru. Na ikionekana ni bora mtoto asome shule ya kutwa au ya mchanganyiko karibu na kwao, si dhambi kumhamisha. Dhambi ni kumtoa getini na sanduku lake bila shule nyingine, bila karo kurudishwa, bila mtu wa kumweleza mamake kwa upole.

Hili linatuhusu vipi?

Mtu atasema mambo ya shule ni ya serikali. Si kweli kwetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule nafasi katika bodi ya usimamizi, na shule nyingi nchini zinafadhiliwa na makanisa. Baadhi yenu mnakaa kwenye bodi hizo. Wengine ni walimu, matroni, makarani, walinzi wa geti. Jambo hili likitokea, litatokea mikononi mwenu, usiku, bila onyo.

Kwa hivyo liulizwe mapema, kabla hakuna jina la mtoto linalotajwa. Je, shule yetu imeandika itafanya nini? Nani ataambiwa, na nani hatakiwi kujua? Je, imeandikwa waziwazi kwamba hakuna matroni, mwalimu wala kiranja atakayemvua mtoto nguo ili kumkagua, kwamba hiyo ni kazi ya daktari na mzazi akiwepo? Je, mtoto atafanya mtihani wake wa mwisho bila kukosa hata karatasi moja? Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha kwa jina na kumpa haki ya heshima, matibabu na elimu. Bodi isiyoijua sheria hiyo inaweza kujikuta kortini, lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba inaweza kujikuta imemvunja mtoto.

Na wewe mama uliyejifungua mtoto ambaye mkunga alinyamaza alipomwona: usijifiche. Usimfiche. Njoo kwa mtu unayemwamini. Mtoto huyo hakukosewa mkononi mwa Mungu.

Sheria ya mlango ni lazima iwepo, na naamini ni haki kuiweka. Lakini siku ya mwisho hatutaulizwa tu kama mlango wetu ulikuwa na kufuli. Tutaulizwa tulimfanya nini yule aliyesimama pale.

Kwa vikundi vya nyumbani

1. Soma Mathayo 19:3-12 yote bila kukatiza. Kwa nini huwa tunaishia mstari wa 6 au wa 9?
2. Ungekuwa kwenye bodi ya shule ya wasichana, ungewaambia nini wazazi wa wasichana wengine, na ungemwambia nini mzazi wa mtoto huntha? Jaribu kusema yote mawili bila kudanganya yeyote.
3. Je, kuna mtu katika mtaa wetu ambaye tumekuwa tukimcheka kwa sababu ya mwili wake? Tumwombee wiki hii kwa jina lake, kimya, bila kumtangaza.